Huduma Centre ya GPO na tovuti ya kaunti: ukumbi mmoja, mifumo isiyosemezana

Kituo cha Huduma cha GPO, katika jengo la posta kuu kando ya Barabara ya Kenyatta, kinastahili sifa ambayo ofisi chache za umma jijini Nairobi zimewahi kuipata: mtu asiyemjua yeyote ndani huingia, huchukua tiketi, hungoja zamu yake na huhudumiwa. Kwa aliyekulia katika jiji hili akizoea kuulizwa ametumwa na nani kabla ya kuulizwa shida yake, hilo si jambo dogo. Nimekitumia kituo hiki kwa shughuli zangu na za jamaa zangu, na nimetumia pia tovuti ya Kaunti ya Nairobi kulipia maegesho na kushughulikia kibali cha biashara ya familia. Ninazitathmini huduma hizi mbili pamoja kwa kuwa mwenye shida hazitenganishi. Yeye anataka karatasi yake. Iwapo karatasi hiyo inatolewa na serikali kuu, na kaunti, au na zote mbili kwa zamu, hayo ni mambo ambayo serikali zenyewe zingepaswa kuyamaliza kati yao kabla hajafika dirishani.

Nianze na ukumbi wenyewe. Karibu na mlango yupo mhudumu anayekuuliza unataka nini kabla hujapanga foleni isiyo yako. Hukupa tiketi ndogo yenye herufi na namba, kisha unaketi kwenye safu za viti ukitazama skrini na kusikiliza sauti inayotaja namba na dirisha. Mara ya mwisho nilipokuwa pale, mzee mmoja mwenye mkongojo alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, akiikunja na kuikunjua tiketi yake kwa wasiwasi wa mtu asiyeiona skrini vizuri. Msichana wa zamu alimwinamia akamwambia, "Mzee, wewe usingoje hapa, twende nikupeleke dirishani." Akamshika mkono wakaenda, na katika safu zote zile hakuna aliyenung'unika. Madirisha yanayofuatana ukutani ni ya idara tofauti: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA, yaani mamlaka ya mapato, akiba ya NSSF, mikopo ya wanafunzi ya HELB, na tangu Oktoba 2024 mambo ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF. Mteja akikosea dirisha huelekezwa hatua chache tu mbele, ilhali zamani angetumwa jengo jingine upande wa pili wa mji.

Kituo hiki kilifunguliwa Novemba 2013, kikiwa cha kwanza nchini, miezi michache baada ya kaunti 47 kuanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Leo vituo vya Huduma vimezidi 50, na mwaka 2015 mpango mzima ulipata Tuzo ya Utumishi wa Umma ya Umoja wa Mataifa. Wazo la kukusanya ofisi chini ya paa moja lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwingine. Jimbo la Bahia nchini Brazil lilianza mwaka 1995, na São Paulo ikafuata na Poupatempo yake mwaka 1997. Kilichofanya mpango huu ufaulu Nairobi, kwa maoni yangu, si kompyuta. Ni makubaliano. Idara zilizokuwa kila moja na mlango wake, saa zake na desturi zake zilikubali kupeleka watumishi wao katika ukumbi mmoja, chini ya meneja mmoja, na kufuata kanuni moja ya kumhudumia mteja. Watu wakisikia serikali mtandao hufikiria mashine kwanza, nami ninashikilia kwamba sehemu ngumu ya kazi ni ile ya watu wa ofisi mbili kukubaliana nani atafanya nini.

Makubaliano hayo, hata hivyo, yaliishia kaunta. Nyuma ya ukuta kila idara imebaki na daftari lake. Chukua cheti cha maadili mema cha polisi, ambacho karibu kila kijana anayetafuta kazi hutakiwa kuwa nacho. Ombi hujazwa kwenye eCitizen, jukwaa la serikali kuu la huduma za mtandaoni, na malipo, shilingi 1,050, hufanywa kwa simu. Hadi hapo mambo ni mepesi na ya kupongezwa. Kisha fomu huchapishwa, ndiyo maana saiba zilizo karibu na GPO hazikosi wateja, na kwa utaratibu uliozoeleka mwombaji huenda kupakwa wino vidole na kuvibana kimoja kimoja kwenye karatasi. Vidole hivyo hivyo serikali ilivichukua alama alipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho. Wahudumu wanaopaka wino wanafanya kazi yao kwa uangalifu na heshima, wala si wao wa kulaumiwa. Kinachokosekana ni idara moja kuweza kuiuliza idara nyingine, kwa njia salama na halali, kama alama za mtu huyu tayari ziko.

Hali huwa nzito zaidi panapoingia serikali mbili. Mtu anayenunua Nairobi kiwanja ambacho ardhi yake imekodishwa na serikali kwa miaka maalumu huhitaji cheti cha kaunti kuonyesha kwamba kodi ya kiwanja inayodaiwa na kaunti imelipwa, na kingine cha serikali kuu kuonyesha kwamba hakuna deni la kodi ya pango la ardhi. Serikali kuu ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, Aprili 2021, ikaanzia Nairobi, na ni hatua kubwa kwa nchi ambayo faili za ardhi zilikuwa zikipotea na kuonekana kwa miujiza. Hata hivyo, mnunuzi au wakili wake bado ndiye tarishi wa kubeba habari kutoka serikali moja hadi nyingine. Katika ofisi moja ya umma ambayo si lazima niitaje, niliwahi kutakiwa kuleta nakala ya karatasi ya risiti ambayo afisa mwenyewe alikuwa akiiona kwenye kompyuta yake. Nilikwenda kuichapisha nikairudisha, ikatiwa muhuri na kuingizwa katika faili. Fedha zilikuwa zimefika na habari zilikuwa zimefika. Ofisi tu ndiyo iliyokuwa haijakubaliana na nafsi yake kwamba habari hizo zinatosha.

Sasa tovuti ya kaunti, nairobiservices.go.ke. Maegesho ndiyo huduma ninayoipa alama za juu zaidi. Unaandika namba ya gari, unachagua eneo, unalipa kwa simu, na mhudumu anayepita barabarani huiandika namba hiyo kwenye kifaa chake akaona umelipa. Hakuna karatasi ya kuweka kwenye kioo wala noti inayobadilisha mikono pembeni, na manufaa ya hilo wanayajua wote waliowahi kubishana na watu wa klampu. Kibali cha biashara nacho kimeboreshwa kwa namna ninayoiona kuwa muhimu kuliko teknolojia yoyote: kuanzia mwaka 2023 kaunti imeunganisha katika kibali kimoja leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, ada ya bango na vyeti vya afya na usafi wa chakula. Mwenye kibanda cha chipsi Kawangware ambaye alikuwa akibandika ukutani msururu wa karatasi zenye tarehe tofauti za kwisha, na ambaye kila karatasi ilimletea askari wake wa kanjo, sasa ana karatasi moja ya kuonyesha. Ili hilo liwezekane, idara ya biashara, ya afya na ya zimamoto zilibidi zikubali kugawana malipo yanayoingia kwa pamoja. Huo ni ushirikiano wa kweli, ingawa umefanyika ndani ya nyumba moja.

Tatizo la kaunti ni kwamba imehama nyumba mno. Mwaka 2014 ukusanyaji wa mapato kwa njia ya kidijitali uliwekwa mikononi mwa kampuni binafsi kwa mkataba uliokwisha mwaka 2019. Februari 2020 baadhi ya kazi za kaunti zilihamishiwa serikali kuu kwa hati ya makubaliano. Likaundwa shirika la Nairobi Metropolitan Services, na KRA ikapewa jukumu la kukusanya mapato, na mfumo mwingine ukaingia. Muda wa shirika hilo ulipokwisha Septemba 2022, kaunti ilirejea kujisimamia, ikaja na mfumo wake wa malipo, NairobiPay. Katika miaka isiyofika kumi, mfanyabiashara yule yule wa Kawangware amejisajili upya, amejifunza namba mpya za kulipia, na amelazimika kuhifadhi risiti za mfumo uliokufa ili athibitishe kwa mfumo uliozaliwa kwamba hadaiwi. Mkataba wa teknolojia usiosema wazi ni nani mwenye programu na nani mwenye data ni sawa na kupangisha nyumba ambayo mpangaji akihama huondoka na milango. Lawama hapa siielekezi kwa kampuni wala kwa utawala wowote mmoja. Kila mmoja ulikuwa na sababu zake za kuanza upya. Ninalosema ni kwamba jiji lenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019 halina haki ya kuwasahau watu hao kila mkataba unapokwisha.

Majiji mengine yamelitatua hili kwa njia ambayo naamini inatufaa, nayo ni kumiliki programu kwa pamoja. Zürich, nchini Uswisi, ilipotaka wakazi waripoti mashimo ya barabarani na taa zilizozimika, haikuanza mwanzo. Ilichukua FixMyStreet, programu huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2007, ikaitohoa na kuizindua mwaka 2013 kwa jina lake yenyewe. Amsterdam ilijitengenezea mfumo wa malalamiko ya wakazi uitwao Signalen, ikauweka huria, na manispaa nyingine za Uholanzi zikautumia na kuchangia maboresho. Nchini India, taasisi ya eGovernments Foundation iliyoanzishwa mwaka 2003 imejenga jukwaa la DIGIT ambalo miji ya majimbo tofauti hulitumia kwa kodi za majengo, leseni na malalamiko. Katika mifano yote hii mji unaweza kubadilisha mkandarasi bila kupoteza mfumo, kwa sababu mfumo si mali ya mkandarasi. Hebu fikiria Mombasa ikiboresha ukurasa wa malalamiko ya takataka na Kisumu ikaupata boresho hilo bila kulipa tena, kisha Nakuru ikaongeza sehemu ya maji, na Nairobi, yenye wataalamu wengi zaidi, ikabeba mzigo wa usalama kwa niaba ya wote. Miji yetu yenye hadhi ya jiji sasa ni mitano, baada ya Nakuru kupata hati yake Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024, na shida zake za kila siku hazitofautiani kiasi cha kuhitaji mifumo mitano ya kutoza maegesho.

Jirani zetu wa kusini wametangulia katika hili, na sioni aibu kulisema. Tanzania ilianzisha mwaka 2017 mfumo mmoja wa malipo ya serikali, GePG, ambapo kila deni hupewa namba yake ya kumbukumbu na hulipwa benki au kwa simu popote. Baadaye OR-TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, ikaleta mfumo wa TAUSI kwa halmashauri za Tanzania Bara, ambazo ni 184, ili leseni za biashara, vibali na ushuru vipatikane kupitia lango moja, iwe ni Dar es Salaam au wilaya ya mbali. Mfanyabiashara mwenye maduka katika halmashauri mbili hajifunzi mifumo miwili. Lakini haingefaa kuunakili mpango huo kama ulivyo. Halmashauri zile zinasimamiwa na wizara moja inayoweza kutoa agizo likatekelezwa. Kaunti zetu zina magavana na mabunge yaliyochaguliwa, na kodi za maegesho na vibali ni mamlaka yao kwa Katiba. Agizo la kutoka juu lingepelekwa mahakamani kabla ya mwezi kwisha, na kwa haki. Kwetu njia ni makubaliano. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali zishirikiane, Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 inaruhusu kamati za pamoja, na Baraza la Magavana lina Kituo cha Maarifa kilichoundwa ili kaunti zipeane uzoefu. Vyombo vipo. Kilichobaki ni kuvitumia kwa jambo la kushikika kama msimbo wa programu na muundo wa data, badala ya ripoti za ziara za mafunzo.

Mahali pa kuanzia ningependekeza eneo la jiji kubwa lenyewe. Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi, NaMATA, iliyoundwa mwaka 2017, inatambua kwamba Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a ni eneo moja kwa msafiri. Kwa mifumo ya mapato bado ni nchi tano. Mwenye gari la kusambaza mikate kutoka Ruiru hadi Kitengela kupitia Industrial Area anapita kaunti nne kabla ya chakula cha mchana, na malalamiko ya wafanyabiashara kuhusu kutozwa na kila kaunti ada ya maandishi yaliyo ubavuni mwa gari lile lile yamekuwa yakisikika kwa miaka mingi. Kaunti hizo zikikubaliana kwamba kibali kilichotolewa na moja kisomeke na askari wa nyingine, kisha zigawane fedha kwa kanuni iliyo wazi, hakuna hata moja itakayopoteza mamlaka yake. Mwenye gari atapungukiwa na simu za dharura kutoka kwa dereva aliyesimamishwa Mlolongo.

Wapo wanaohofia kwamba kuunganisha mifumo ni kuweka mayai yote chini ya kuku mmoja, na hofu yao ina ushahidi. Julai 2023, wiki chache baada ya serikali kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen, jukwaa hilo lilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikakwama. Aliyekuwa akisubiri viza, pasipoti au leseni ya udereva alifungiwa mlango ule ule mmoja. Jibu linalonishawishi ni la Estonia, ambayo tangu mwaka 2001 inatumia mfumo uitwao X-Road. Huko data haikusanywi ghala moja. Kila ofisi hubaki na kumbukumbu zake, na X-Road ni njia tu ambayo ofisi moja huiulizia nyingine swali mahususi, jibu likapita limefungwa kwa siri na swali lenyewe likaandikwa katika kumbukumbu ili mwenye data aweze kujua nani aliulizia nini. Finland iliungana na Estonia, na mwaka 2017 nchi hizo mbili zikaunda taasisi ya pamoja ya kuitunza programu hiyo, ambayo ni huria. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wa kuisimamia, kwa hiyo msingi wa kisheria wa mpango wa namna hiyo umekwisha kuwekwa. Afisa wa ardhi hana haja ya kuliona faili lote la mlipaji kodi. Anahitaji ndiyo au hapana.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Shirika la UN-Habitat lina makao yake makuu Gigiri, na Mei 2025 baraza lake, likikutana hapa Nairobi, lilipitisha miongozo ya kimataifa kuhusu miji ya kidijitali inayomtanguliza mtu. Ningetaka jiji lililokuwa mwenyeji wa miongozo hiyo liwe la kwanza kuijaribu kwa mama wa Gikomba mwenye simu ya vitufe na kijana asiye na bando la intaneti. Kurasa nyingi za malipo na maelezo bado zimeandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali kwenye ukumbi wa GPO mazungumzo yote niliyoyasikia yalikuwa ya Kiswahili. Watu hao ndio wanaobaki kumlipa mtu wa saiba awajazie fomu, wakimwachia namba ya kitambulisho na neno la siri. Kutafsiri kurasa hizo kwa kaunti zote kunahitaji kufanywa mara moja tu, na kazi hiyo ingegawanywa kwa urahisi kuliko nyingine yoyote niliyoitaja.

Kwa anayepanga kuzitumia huduma hizi wiki hii, maoni yangu ni haya. Shughuli za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na SHA zipelekwe Huduma Centre bila kusita, asubuhi mapema. GPO ikijaa, kituo cha City Square kando ya Barabara ya Haile Selassie kiko umbali wa kutembea, na wakazi wa mashariki mwa jiji wana cha Makadara. Maegesho na kibali cha biashara vilipiwe mtandaoni, na kila risiti ihifadhiwe kwenye simu na kwenye barua pepe pia, kwa kuwa historia ya mifumo ya kaunti haijampa mtu sababu ya kuitegemea kumbukumbu yake. Kwa shughuli ya ardhi, mnunuzi aanze na cheti cha kaunti kabla hajagusa Ardhisasa, na aweke siku za ziada katika mkataba wake na muuzaji. Nikitakiwa kutoa alama, ukumbi wa Huduma ninaupa tisa kati ya kumi na tovuti ya kaunti saba, huku ushirikiano wa serikali zilizo nyuma yao ukipata nne. Alama hiyo ya mwisho inaweza kupanda katika mwaka mmoja wa fedha, bila kununua hata kompyuta moja mpya, magavana watano wa eneo la jiji wakiketi na kutia sahihi kibali kimoja cha magari ya kusambaza bidhaa.